Ngome ya Buda: Anza na Malango, Minara Ifuate

Karibu kila mgeni anayefika Budapest hupanda Kilima cha Ngome, na wengi hushuka wakiwa wameiona nusu yake tu. Hupiga picha kwenye minara myeupe ya Halászbástya, hulizunguka kanisa lenye paa la vigae vya rangi, hulitazama jengo la Bunge ng'ambo ya Mto Danube, kisha basi lao linaondoka. Waliyoyaona ni mazuri, lakini ni machanga kuliko wanavyodhani. Halászbástya ilikamilika mwaka 1902. Sura ya nje ya kanisa ni kazi ya miaka ya 1874 hadi 1896. Kuba la kasri lilijengwa upya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa mchoro tofauti na wa lile lililoungua.

Mji wa kale wenyewe, Buda ya karne ya 14 na 15, upo hatua chache kutoka penye msongamano. Umejificha ndani ya malango ya nyumba ambazo watu wanaishi hadi leo, chini ya sakafu za makumbusho, na kwenye kuta ambazo mpita njia huziacha bila kugeuza shingo. Mwongozo huu umepangwa ili uuone huo kwanza, miguu ikiwa bado ina nguvu, na minara uifikie baadaye.

Kijue kilima kabla ya kukipanda

Kilima kina urefu wa kilomita moja na nusu hivi, chembamba na bapa juu, kwenye ukingo wa magharibi wa Danube. Upande wa kusini ni kasri la kifalme. Upande wa kaskazini ni mji wa raia, wenye barabara chache ndefu zinazokwenda sambamba, na mpangilio wake haujabadilika sana tangu Zama za Kati.

Mji huu ulizaliwa na hofu. Wamongolia waliingia Hungaria mwaka 1241 wakaiangamiza, na walipoondoka mwaka uliofuata, Mfalme Béla wa Nne aliona kwamba watu wasio na ukuta hawana pa kukimbilia. Akaweka mji wenye boma juu ya kilima. Wajerumani walisali katika Kanisa la Bikira Maria, Wahungaria katika Kanisa la Maria Magdalena, na Wayahudi wakawa na mtaa na masinagogi yao. Chini ya Mfalme Matthias, aliyetawala kuanzia 1458 hadi 1490, Buda ilikuwa na maktaba iliyosifika Ulaya nzima, Bibliotheca Corviniana.

Kisha zikaja zamu za kuzingirwa. Waosmani waliitwaa Buda mwaka 1541, wakakaa hadi 1686, majeshi ya Kikristo yalipowatoa baada ya vita vilivyouacha mji magofu. Mwaka 1849 Wahungaria waliizingira ngome yao wenyewe ili kuwatoa Waaustria. Majira ya baridi ya 1944 kuamkia 1945, Jeshi Jekundu la Kisovieti liliuzingira mji wote, na kilima kikawa kimbilio la mwisho la askari wa Kijerumani na wenzao wa Kihungaria hadi Februari. Kasri liliungua, na nyumba nyingi za mji wa raia zikabomoka au kupasuka.

Shika jambo moja hapa, maana ndilo ufunguo wa matembezi yote. Waliojenga upya baada ya 1686 hawakuanza na msingi mpya. Walikuta kuta za kale zimesimama nusu, wakazipandishia ghorofa, wakazipaka lipu, wakachora nyuso za mtindo wa Baroko. Mabomu ya 1945 yalipoipukutisha lipu hiyo, mawe ya karne ya 14 yakachungulia. Wasanifu na wanaakiolojia waliokuja kukarabati waliamua kuyaacha wazi. Ndiyo maana leo unaweza kusimama mbele ya nyumba ya rangi ya njano au kijani, ukaona katikati ya ukuta kipande cha dirisha la jiwe ambacho hakilingani na chochote kilicho jirani nacho.

Kupanda

Njia nyepesi na ya gharama ndogo ni basi. Basi namba 16 linaanzia Deák Ferenc tér, katikati ya upande wa Pest, linavuka Daraja la Minyororo la mwaka 1849 na kupanda hadi juu. Vituo vyake vya kilimani ni Dísz tér, karibu na kasri, Szentháromság tér, penye kanisa, na Bécsi kapu tér, kwenye lango la kaskazini. Ukiwa upande wa Buda, shuka metro ya M2 kituo cha Széll Kálmán tér, halafu upande 16 au 16A. Tiketi ya kawaida ya usafiri wa mji inatosha, na ukinunua ya saa 24 au 72 utapanda na kushuka upendavyo. Ukitumia tiketi ya safari moja, hakikisha umeigonga kwenye mashine. Wakaguzi wapo, na hawasikilizi kisingizio cha ugeni.

Kipo pia kigari cha reli kinachovutwa kwa waya kutoka mguu wa daraja, kiitwacho Sikló. Kilifunguliwa mwaka 1870, kikaharibiwa vitani, kikarudishwa 1986. Mabehewa yake mawili yana majina, Margit na Gellért. Mandhari yake ni ya kupendeza, lakini tiketi zake ni za peke yake, bei ni ya kitalii, safari ni fupi na foleni ya mchana ni ndefu. Mwenye watoto aende, watafurahi. Mwenye haraka apande basi.

Kama wewe au mzee uliye naye ana shida ya magoti, pitia Várkert Bazár, ukingoni mwa mto chini ya kasri. Ni jengo la Miklós Ybl la karne ya 19 lililokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2014, na lina ngazi za umeme na lifti za kukupandisha hadi karibu na kuta za kasri. Usije na gari binafsi, kwa kuwa kuingia kilimani kuna vizuizi na maegesho ni taabu.

Wakati wa kwenda

Nenda asubuhi na mapema, kabla ya saa tatu, au jioni baada ya makundi ya mabasi kuondoka. Kilima hakifungwi, wala hakuna kiingilio cha kutembea mitaani. Kinachofungwa ni makumbusho, na mengi ya Budapest hufunga Jumatatu, kwa hiyo siku hiyo usiyategemee makumbusho. Aprili na Mei ni miezi mizuri, na miti ya Tóth Árpád sétány, barabara ya matembezi ya ukingo wa magharibi, huwa na maua. Julai na Agosti jua ni kali na vivuli ni vichache. Desemba hadi Februari baridi hushuka chini ya sifuri na mawe ya barabarani huteleza, lakini ndio wakati utakaozipata barabara tupu. Tarehe 20 Agosti ni sikukuu ya Mtakatifu Stefano, mfalme wa kwanza wa Hungaria. Mji mzima humiminika mitaani, hivyo kama hupendi msongamano, chagua siku nyingine.

Vaa viatu vya soli bapa na imara. Barabara zimetandikwa mawe, na kisigino kirefu kitakutesa kabla hujafika nusu ya njia.

Matembezi: kutoka kaskazini kwenda kusini

Wengi huanzia kanisani. Wewe shukia Bécsi kapu tér, kwenye lango lililotazama barabara ya Vienna. Lango unaloliona lilijengwa 1936, kukumbuka miaka 250 tangu Waosmani waondoke. Zamani hapa palikuwa na gulio la Jumamosi, na lango lenyewe likaitwa kwa siku hiyo. Jengo kubwa la kando, lenye paa la vigae vya rangi, ni Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa.

Panda hatua chache hadi ukingo wa ukuta wa kaskazini-magharibi na utafute kaburi lenye kilemba cha jiwe. Ni la Abdurrahman Abdi Pasha, mtawala wa mwisho wa Kiosmani wa Buda, aliyekufa akipigana tarehe 2 Septemba 1686, siku mji ulipoanguka. Alikuwa mzee wa miaka sabini hivi. Jiwe hili liliwekwa karne ya 20, na walioliweka ni ukoo wa askari wa Kihungaria aliyekufa siku hiyo hiyo, upande wa pili. Maandishi yake, kwa Kihungaria na Kituruki, yanamsifu kuwa adui shujaa na kumtakia amani. Watalii ni nadra kufika hapa. Ni kituo ninachowahimiza watu wasikiruke, kwa sababu kinakupa kipimo cha historia ya kilima hiki: watu walioshindana kufa na kupona, na vizazi vyao vikapata ustaarabu wa kuheshimiana.

Rudi hadi Kapisztrán tér. Utaona mnara mrefu umesimama peke yake, na pembeni yake uwanja mtupu wenye dirisha moja la Kigothi. Hilo ndilo Kanisa la Maria Magdalena la Wahungaria. Wakati wa Waosmani, makanisa mengine yalipogeuzwa misikiti, hili mwanzoni liliachwa kwa Wakristo, na Wakatoliki na Waprotestanti wakalitumia kwa pamoja. Likaja kuvunjwa na vita vya 1945, na mabaki yake yakaondolewa baadaye. Mnara unaweza kupandwa kwa tiketi, na ukiwa juu utauona mpangilio wa mji wote wa kilimani kwa mara moja.

Kutoka hapo chukua Táncsics Mihály utca hadi namba 26. Nje ni nyumba ya kawaida. Ndani ni chumba cha sala cha Wayahudi cha Zama za Kati, sasa tawi la Makumbusho ya Historia ya Budapest. Wayahudi wa Buda walikitumia pia wakati wa Waosmani, na ukutani mmoja wao aliacha michoro ya rangi nyekundu: upinde na mshale unaoelekea juu, na nyota yenye ncha sita, vyote vikiambatana na maneno ya Kiebrania. Mchoro wa upinde umeandikwa maneno ya sala ya Hana, mama wa Samweli. Mji ulipotwaliwa 1686, Wayahudi wengi waliuawa pamoja na Waturuki waliokuwa majirani zao, na waliosalia wakachukuliwa mateka. Chumba kikafunikwa, kikasahauliwa, hadi kilipogunduliwa upya katika karne ya 20. Chumba ni kidogo na huchukua muda mfupi kukitazama. Hufunguliwa kwa msimu, kwa hiyo ulizia kabla ya kwenda.

Malango

Sasa vuka uingie Országház utca na Úri utca, mitaa miwili sambamba katikati ya kilima. Hapa ndipo utakapoiona Buda ya wafalme, na hapa ndipo pa kutembea polepole.

Milango ya nyumba hizi ni mikubwa, ya kupitisha mikokoteni, na nyuma yake kuna ujia wenye dari la tao unaoelekea uani. Ukikuta mlango uko wazi, ingia hatua mbili tatu na ugeuke utazame kuta za pembeni. Utaona safu ya vidaka vya jiwe vyenye vichwa vilivyochongoka, kila kimoja na kiti chake chini, upana wa kumtosha mtu mmoja. Vingine vina pinde tatu ndogo zilizochongwa ndani ya upinde mmoja mkubwa. Pitisha jicho kwenye kingo zake. Mahali pengine mchongo umekatwa kwa patasi ukawa sawa na ukuta, na huo ni ushahidi wa mafundi wa baadaye, waliotaka ukuta ulionyooka wa kupaka lipu. Vidaka vilizibwa kwa matofali, vikalala humo karne mbili na zaidi, hadi vita vilipovifunua.

Yapo makumi ya malango ya namna hii hapa kilimani. Wataalamu hawajakubaliana yalitumikaje. Wapo wasemao wafanyabiashara waliketi humo na bidhaa zao, na wapo wasemao walikaa watumishi waliomngoja bwana aliyemtembelea mwenye nyumba. Anayetoka Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja atavielewa haraka kuliko mtalii mwingine yeyote, kwa kuwa ameizoea baraza: mahali pa nyumba palipojengwa kwa ajili ya mtu ambaye bado hajakaribishwa ndani.

Tafuta hasa nyumba ya Úri utca 31, ambayo uso wake wote bado ni wa Kigothi, madirisha kwa ukuta, hadi ghorofa za juu. Halafu nyumba ya Országház utca 20, ambayo ghorofa yake ya juu imetokeza mbele ya ile ya chini, ikibebwa na mstari wa pinde ndogo za jiwe. Vidaka utavipata nyumba kwa nyumba katika mitaa hiyo miwili, na vingine Szentháromság utca, mtaa mfupi unaoikata.

Adabu ni muhimu hapa kuliko mahali pengine popote kilimani. Hizi ni nyumba za watu. Ukikuta mlango umefungwa, usibonyeze kengele. Ukikutana na mkazi, msalimie kwa kusema "Jó napot kívánok", salamu ya mchana, umwonyeshe kidaka unachotazama. Usipande ngazi, usiingie uani kabisa, wala usielekeze kamera kwenye madirisha ya vyumba. Nimewaona wazee wa mitaa hii wakisimama kumwelekeza mgeni mwenye heshima lango zuri zaidi, na nimewaona pia wakiwafungia mlango waliokuja kwa kelele.

Kanisa na minara

Sasa ndio wakati wa Szentháromság tér. Nguzo ndefu katikati, yenye sanamu nyingi, ilisimamishwa mwaka 1713 na wakazi waliookoka tauni. Kanisa la mbele yake watu huliita Kanisa la Matthias, kwa jina la mfalme aliyelipanua. Mwaka 1541 Waosmani waliligeuza msikiti mkuu wa mji, na likaendelea hivyo hadi 1686. Mwishoni mwa karne ya 19 msanifu Frigyes Schulek alilijenga upya karibu lote, akaliezeka kwa vigae vya kiwanda cha Zsolnay cha mji wa Pécs. Rangi zilizojaa kuta za ndani ni za wakati huo huo.

Lakini hata hapa la kale lipo. Zunguka upande wa kusini utazame juu ya mlango, kwenye Lango la Maria. Mchongo wa jiwe unaoonyesha kufariki kwa Bikira Maria ni wa karne ya 14, na Schulek aliuunganisha kutoka vipande vilivyosalia. Ndani, tafuta kaburi la Mfalme Béla wa Tatu na mkewe Anna. Mabaki yao yalihamishiwa hapa kutoka Székesfehérvár.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu moja ya ziada ya kusimama katika kanisa hili. Humu ndimo Franz Joseph wa Austria alimovikwa taji la Hungaria tarehe 8 Juni 1867, kwa misa iliyotungwa na Ferenc Liszt. Mwanawe na mrithi wake aliitwa Rudolf. Miaka ishirini baadaye Mhungaria mmoja, Sámuel Teleki, aliondoka Pangani na msafara wa mamia ya wapagazi wa pwani yetu, akiwa na mwenzake Ludwig von Höhnel. Machi 1888 walifika kwenye ziwa kubwa la kaskazini mwa Kenya, wakalipachika jina la Rudolf huyo, kana kwamba wakazi wake hawakuwa na majina yao. Jina hilo lilidumu kwenye ramani hadi 1975, lilipoitwa Ziwa Turkana.

Kanisa lina tiketi ya kuingia. Hufungwa kwa watalii wakati wa ibada na arusi, hasa Jumamosi mchana, na Jumapili asubuhi ni ya waumini. Kupanda mnara kuna tiketi tofauti, na unapanda kwa kundi kwa saa zilizopangwa.

Nyuma ya kanisa ni Halászbástya. Minara yake saba inawakilisha makabila saba ya Kihungaria yaliyoingia nchi hii, na jina lake linawakumbuka wavuvi waliokuwa na mtaa wao chini ya ukuta huu. Haikujengwa kwa vita. Schulek aliijenga kati ya 1895 na 1902 iwe mahali pa kutazamia mto, na kwa kazi hiyo haina mpinzani. Roshani ya juu ina tiketi saa za mchana, lakini ngazi na roshani za chini ni bure saa zote, na mandhari yanakaribia kuwa yale yale. Ukifika alfajiri, jua huchomoza upande wa Pest, nyuma ya Bunge, na utapata picha bila kichwa cha mtu mwingine ndani yake.

Kabla ya kuondoka, ingia Hess András tér, kiwanja kidogo cha jirani. Jina ni la mchapaji aliyechapa kitabu cha kwanza nchini Hungaria, hapa Buda, mwaka 1473. Hoteli kubwa ya miaka ya 1970 imejengwa ikikumbatia magofu ya monasteri ya Wadominiko. Juu ya mlango wa nyumba namba 3 kuna sanamu ndogo ya kalunguyeye mwekundu, alama ya nyumba hiyo kabla namba hazijaanza kutumika. Watoto hupenda kuwa wa kwanza kumwona.

Kasri na chini ya kasri

Endelea kusini kupitia Dísz tér hadi Szent György tér. Jengo jeupe ni Sándor-palota, ofisi ya Rais tangu 2003, na askari wa heshima hubadilishana zamu mbele yake. Mbele yako ni kasri. Usitarajie vitanda vya wafalme wala vyumba vya dhahabu, kwa sababu kasri liliungua 1945, na waliojenga upya walilifanya nyumba ya utamaduni. Humo mna Nyumba ya Sanaa ya Taifa ya Hungaria, Maktaba ya Taifa ya Széchényi na Makumbusho ya Historia ya Budapest. Tangu miaka ya karibuni serikali imekuwa ikirudisha baadhi ya vyumba vya kabla ya vita, na Ukumbi wa Mtakatifu Stefano ulifunguliwa 2021. Utakuta pia kazi za ujenzi zinaendelea huku na kule, kwa hiyo uwe tayari kuzunguka uzio.

Ukiwa na nafasi ya makumbusho moja tu, chagua ya Historia, inayoingiliwa kupitia Ua wa Simba. Wengi huenda kwenye picha, na picha ni nzuri, hasa za Mihály Munkácsy na Tivadar Csontváry Kosztka. Lakini Makumbusho ya Historia ndiyo inayokushusha hadi ngazi ya wafalme wa Zama za Kati: kumbi za Kigothi na kanisa dogo la kifalme, vilivyofukuliwa baada ya vita kutoka chini ya vifusi. Humo utaziona sanamu za mawe zilizogunduliwa mwaka 1974 na kundi la mwanaakiolojia László Zolnay. Zilikuwa zimetupwa shimoni vipande vipande. Simama karibu na nyuso hizo. Nywele zilizosukwa, mikunjo ya joho na mabaki ya rangi bado yanaonekana, na pua nyingi zimevunjika.

Ukitoka, teremkia kuta za kusini hadi mnara uitwao Buzogánytorony. Kando yake, kwenye majani, kuna mawe ya makaburi ya Waturuki yenye vilemba vilivyochongwa. Kutoka hapo njia inashuka hadi ukingo wa mto, ambako tramu namba 19 na 41 hupita.

Kwa wanaopenda mambo ya chini ya ardhi, kilima kimejaa mapango ambayo wakazi waliyaunganisha na maghala ya nyumba zao. Sziklakórház, upande wa magharibi, ni hospitali iliyotengenezwa ndani ya mapango hayo. Wakati wa kuzingirwa kwa 1944 na 1945 ilijaa majeruhi kupita kiasi, ikatumika tena katika mapinduzi ya 1956, kisha ikageuzwa handaki la kujikinga na bomu la nyuklia. Huingii peke yako, unatembezwa na mwongozaji. Chukua sweta, kwa maana ndani kuna ubaridi hata Julai.

Kula, fedha na mengineyo

Chakula cha kilimani ni cha bei ya juu, na mgahawa wenye mtu wa kukuita mlangoni uupite. Mahali pamoja pa kujionea ni Ruszwurm, duka la keki la Szentháromság utca lililoanza mwaka 1827. Ni dogo, na keki yao ya krimu, krémes, ndiyo inayowapanga watu foleni. Kwa mlo kamili shuka chini.

Mwislamu asome orodha ya vyakula kwa makini, kwa kuwa nguruwe na mafuta yake huingia kwenye vyakula vingi. Sertés na disznó ni nguruwe, szalonna ni mafuta ya nguruwe yaliyokaushwa, kolbász ni soseji ambayo kwa kawaida ni ya nguruwe, na zsír ni mafuta ya mnyama ya kupikia. Marha ni ng'ombe, csirke ni kuku, hal ni samaki. Migahawa ya Waturuki na Waarabu yenye nyama halali ipo upande wa Pest, hasa kuzunguka Blaha Lujza tér.

Fedha ni forinti. Kadi hupokewa karibu kila mahali, na mashine ikikuuliza ulipe kwa forinti au kwa fedha ya nyumbani, chagua forinti, la sivyo utaula wa chuya kwenye kubadilisha. Toa pesa kwenye mashine ya benki, usitumie zile za barabarani zilizowekwa kwa watalii, wala usimsikilize anayekunong'oneza bei ya kubadilisha. Sarafu chache zitakufaa kwa choo cha kulipia. Maji ya bomba ni salama, beba chupa yako. Hungaria iko katika eneo la Schengen, kwa hiyo mwenye visa halali ya Schengen hahitaji nyingine.

Ukiwa na muda mfupi, au mrefu

Ukiwa na saa mbili tu, panda basi hadi Bécsi kapu tér, pita kwenye kaburi la Abdurrahman Pasha, tembea Országház utca na kurudi kwa Úri utca ukichungulia malango, tazama Lango la Maria kwa nje, na umalizie roshani za chini za Halászbástya. Hutalipa kiingilio hata kimoja, na utakuwa umeona zaidi ya wengi waliolipa.

Ukiwa na siku nzima, asubuhi ni ya mji wa raia, mchana ni wa Makumbusho ya Historia. Jioni shuka upande wa kaskazini hadi kilima cha Rózsadomb, ulizuru kaburi la Gül Baba, darweshi wa tarika ya Bektashi aliyefariki Buda mwaka 1541, mara tu baada ya Waosmani kuingia. Kuba lake limekarabatiwa, na bustani yake ina waridi. Ukipenda kupumzisha miguu, hamamu ya Rudas, iliyojengwa na Waosmani karne ya 16 kusini mwa kilima, bado inapokea waogaji chini ya kuba lake la zamani. Ulizia kwanza siku za wanawake na za wanaume, maana bwawa hilo la kale lina ratiba yake.

Ukilazimika kupunguza kitu kwenye mpango wako, punguza Sikló, punguza roshani ya tiketi, punguza hata mnara wa kanisa. Malango ya Úri utca usiyapunguze. Hayana tiketi, foleni wala kibao cha kukuita, na ndiyo sehemu ya Buda ambayo wafalme, mapasha na majenerali waliokipigania kilima hiki wote waliikuta, na wote wakaiacha.